Mstari Usio na Mkia Haugeuzwi

Jumatatu, tarehe 3 Oktoba

Nambari 147. Katika kaya 147! Naandika kwa wino mwekundu ili wajukuu wangu waone aibu hii na jinsi babu yao alivyoifuta.

Habari yenyewe. Ijumaa ilinyesha mvua ya kwanza, na ukingo wa mgodi ulio nyuma ya mtaa wetu ukaporomoka. Uwanja wa mpira umekwenda. Nyumba ya mama Mianda, mjane anayeuza mandazi, imekwenda nao: kitanda, sufuria, mabati, vyote. Yeye alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Mungu ni mwema. Nyumba zilizosalia zina nyufa. Kampuni imeleta barua: mwezi ukiisha asionekane mtu hapa. Jumamosi hii tunapelekwa eneo jipya, ng'ambo ya kilima, kila kaya ijichagulie kiwanja kwa kufuata orodha.

Na kule kuna bomba moja tu la maji. Viwanja viwili vinapakana nalo. Vingine vyote vinashuka kuelekea korongoni, na kupanda kutoka korongoni na bidoni, yaani dumu la maji, kichwani ni nusu saa. Mama yangu, Kabedi, ana magoti mabovu. Kutoka kitandani hadi mlangoni tu anamtaja Bikira Maria mara tatu. Kiwanja cha bombani lazima kiwe chetu. Lazima!

Kwa nini basi tuko mkiani? Kwa sababu ya elimu yangu. Jumamosi Ngeleka, karani wa kamati ya mtaa, alifungua daftari lake dirishani, lile lenye jalada gumu na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Nilifika wa pili. Nikaanza kumweleza kwamba karatasi imekufa, dunia sasa ni kompyuta. Watu wakawa wanapita kando yangu, nami nawaambia: pita, mama, pita, sisi tunajadili. Nilipomaliza mjadala, nimeshinda, na uani hapakuwa na mtu. Nambari 1: Ngeleka. Nambari 147: mimi, Polycarpe Badibanga, na mama yangu.

Lakini leo nimelipiza! Mbele ya kamati nzima nimesema kwamba orodha hii nitaitengeneza mimi, kwa programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust. Nimejifunza miezi minne katika kibanda changu cha fotokopi, umeme ukiwepo. Ngeleka amecheka mpaka akakohoa. Mwenyekiti wetu, mama Simone, hakucheka. Amesema sawa, injenia, lakini Jumamosi asubuhi anataka orodha, si maelezo.

Injenia! Mbele ya Ngeleka! Siku kubwa.

Jumanne, tarehe 4 Oktoba

Mpango wangu ni wa haki tupu. Mwenye ufa mpana kuliko wote achague kwanza. Nani atapinga haki?

Alfajiri nilipima ufa wetu: sentimita nne na nusu. Si mbaya. Nikauongeza kidogo kwa bisibisi. Sita nukta mbili. Blandine, mke wangu, alinikuta bisibisi ikiwa ukutani. Alisema ameona watu wengi wakipigana na mgodi, lakini anayeusaidia ni mimi wa kwanza.  Wake hawaelewi hisabati.

Nimezunguka nyumba zote na rula, tena rula ya Ngeleka mwenyewe, niliyoichukua akiwa msalani. Nyufa 146 zimeandikwa. Nimefika kwa mama Mianda, yaani nimefika mahali palipokuwa kwa mama Mianda. Amesimama pembeni ya shimo na beseni lake la mandazi. Nimemuuliza ufa wake ni sentimita ngapi. Ameniangalia kwa muda mrefu. Kisha akanipa andazi, kama mtu anavyompa mgonjwa. Nimeacha nafasi tupu.

Jioni, ugomvi bombani, hapa kwenye bomba letu la zamani. Huku kwetu bidoni ndiyo inayosimama foleni, mwenye bidoni yuko nyumbani akipika. Mlinzi anapokaribia kufunga maji, mama aliye mkubwa kuliko wote anavua kitambaa cha kichwa na kukifunga kwenye shingo ya bidoni ya mwisho. Hiyo ndiyo mkia. Mkia ukishafungwa, nyuma yake hawekwi hata kikombe, uwe mwanajeshi, uwe padri. Leo nilichelewa, nikaweka bidoni yangu nyuma ya mkia, polepole. Wamama walinirukia wote kwa pamoja. Nimewaambia kwamba hayo ni mambo ya kale na kitambaa hakina akili. Mama yangu alikuwepo. Akasema kitambaa kina akili kuliko baadhi ya watoto wake. Ana mtoto mmoja tu, mimi.

Hakuna maji nyumbani. Lakini nyufa zote ninazo!

Jumatano, tarehe 5 Oktoba

Vita na Mkaguzi.

Nieleze, maana shajara hii itasomwa siku moja na watu wakubwa. Katika Rust huandiki tu maagizo yakaenda. Kwanza yanasomwa na programu nyingine inayokagua kila herufi. Mimi naiita Mkaguzi. Lugha nyingine hukuacha uanguke njiani. Mkaguzi anakuzuia mlangoni. Sasa, ukiwa na mstari wa vitu vinavyotoka kimoja kimoja, lugha inakupa mbinu za kuutumia: kuuhesabu, kuujumlisha, kuugeuza, kutafuta kilicho kikubwa kuliko vyote. Lakini kila mbinu ina masharti yake. Vitu visipokuwa na sifa inayotakiwa, mbinu ipo, unaiona, na huruhusiwi kuigusa.

Niliomba kitu kidogo tu. Huu hapa mstari wa nyufa, nipe ufa mkubwa kuliko wote. Mbinu inaitwa `max`. Mkaguzi akajibu kwa maandishi mekundu: hapana. Sharti la `max` ni sifa iitwayo `Ord`, maana yake kila kitu mstarini kiweze kulinganishwa na kila kingine, bila kubaki hata kimoja. Namba zenye nukta hazina sifa hiyo. Kwa nini? Eti kati yake kunaweza kujificha namba ambayo si namba! Si kubwa, si ndogo, wala hailingani hata na yenyewe. Nilicheka kwa sauti. Mteja aliyekuja kunakili cheti cha ubatizo akasogea mlangoni. Nani amewahi kuona kitu kama hicho?

Basi nikamzunguka Mkaguzi. Nikabadili sentimita kuwa milimita kamili, bila nukta. Namba kamili zina `Ord`. Sita nukta mbili ikawa sitini na mbili. Akanyamaza! Nimemshinda! Ikabaki ile nafasi tupu ya mama Mianda. Namba kamili haiwezi kuwa tupu. Nikaweka sifuri.

Saa nane mchana nimebandika orodha ya majaribio mlangoni mwa kamati. Sisi wa tatu. Wa tatu!

Saa nane na robo mama Mianda amefika. Yuko wa mwisho. Mtu asiye na nyumba kabisa, kwa orodha yangu, ndiye mwenye nyumba nzima kuliko wote. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Mwana wangu, mi sina ufa, juu ya sina ukuta."  Ngeleka akatoa kikohozi kimoja, cha furaha. Mama Simone akaichana orodha vipande vinne.

Kwa hiyo namba ambayo si namba ipo. Inauza mandazi. Mkaguzi alijua, mimi sikujua, na hilo limeniuma kifuani kuliko ninavyotaka kuandika.

Hata hivyo: rula bado ninayo.

Alhamisi, tarehe 6 Oktoba

Nimefufuka!

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nani wako mkiani mwa daftari la Ngeleka? Wale waliokaa karibu na mgodi! Jumamosi, wenzao walipokuwa dirishani, wao walikuwa wakitoa magodoro chini ya kuta zinazoyumba. Mama Mianda ni wa 146. Kwa hiyo orodha ya Ngeleka iko sahihi kabisa, ila imesimama kichwa chini. Igeuzwe tu! Wa nyuma watangulie!

Kwamba mimi ni wa 147 na nikigeuza nitakuwa wa 1, hilo ni bahati ya Mungu.

Nimelisema mbele ya kamati, nimesimama, mkono juu. Mama Simone, ambaye ni shemasi kanisani kwao, alifumba macho akasema hayo maneno yana harufu ya mahubiri mazuri. Wamepiga kura. Wote wamekubali isipokuwa nambari 1. Daftari litaendelea kuwa wazi mpaka Jumamosi saa nne kwa waliosahaulika, kisha programu yangu italigeuza, na malori ya kampuni yatatuchukua saa sita.

Ngeleka alitoka bila kunisalimu. Nimempigia saluti mgongoni.

Kugeuza mstari katika Rust ni neno moja, `rev`. Herufi tatu! Sijaandika bado. Herufi tatu haziwezi kumsumbua injenia. Nimekula samaki wawili na kulala mchana.

Ijumaa, tarehe 7 Oktoba

Asubuhi. Mtaa umepata wazimu.

Habari imeenea: wa mwisho ndiye wa kwanza. Sasa kila mtu anataka kuwa wa mwisho! Wanakuja dirishani, wanaomba jina lifutwe juu na kuandikwa chini. Dakika kumi baadaye wanakuta wengine wamejiandika chini yao, wanarudi. Watu wanazunguka nyumba ya kamati tangu saa moja kama kuku waliokosa mlango. Mashemeji wa watu wameanza kufika kutoka mji wa Tenke kuwashikia nafasi. Ngeleka ndiye mbaya kuliko wote, maana yeye amekaa hapohapo na kalamu. Nimemhesabu: amejifuta na kujiandika mara tisa. Ukurasa umekuwa kama kitambaa cha mchinja nyama.

Mimi? Nimejiandika upya mara sita tu. Nina heshima yangu.

Mchana. Janga.

Nimeketi na kompyuta kando ya dirisha. Ngeleka anasoma majina, mimi nachapa, jina kwa jina, na programu ipokee mstari wa majina na kuugeuza. Nikaandika herufi zangu tatu. Mkaguzi: hapana! Nikazifuta, nikaziandika tena polepole, kwa adabu. Hapana! Sharti la `rev` ni sifa yenye jina refu kama gari-moshi, `DoubleEndedIterator`: mstari lazima uweze kutoa kutoka ncha zote mbili, mbele na nyuma. Mstari wa majina yanayoingia kwa vidole vyangu una mbele tu. Nyuma yake bado haipo.

Nikabadili. Kusanya kwanza majina yote sandukuni, kisha geuza. Sanduku lina ncha mbili. Mkaguzi akanyamaza! Nikaruka juu! Nikaendesha programu. Ikasubiri. Ikasubiri. Inakusanya, na haiwezi kumaliza kukusanya, kwa sababu Ngeleka hajamaliza kusoma, kwa sababu watu hawajamaliza kuwa wa mwisho. Nimeketi kwa saa tatu nzima. Mama Simone amekuja kuangalia kioo mara mbili. Mara ya pili hakuniita injenia.

Nimerudi nyumbani nikamwaga hasira yote mbele ya mama. Nikamwambia mashine ya kizungu haina akili, inakataa kuugeuza mstari eti mpaka ioneshwe mwisho wake.

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. Akasema mashine ina haki. Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote hajawahi kuniambia lote. Mwaka tisini na tatu, walipotufukuza katika jimbo hili, kabla hatujarudi, sisi watu wa asili ya Kasai, tulikaa kwenye stesheni majuma mengi tukingoja mabehewa. Nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka tu vumbi na harufu ya mabehewa. Wagonjwa na wenye watoto wachanga walikuwa nyuma. Katekista mmoja akapiga kelele kwamba mstari ugeuzwe, waanze wa nyuma. Watu walikubali, hakuna aliyepinga. Lakini kila walipogeuka, lori jingine lilileta wengine, na wa nyuma wakawa tena katikati. Dada yangu Laure alizaliwa katika mstari ule. Hakutoka katika mstari ule.

"Mustari yenye haina mukia haigeukake, Poli," akasema. "Tulijaribiaka."

 Nilimsaidia kuchambua maharagwe. Alitupa nusu ya niliyochambua mimi.

Jumamosi, tarehe 8 Oktoba

USHINDI! Ushindi, ushindi, ushindi!

Saa tatu na nusu asubuhi. Malori yameshapanga foleni barabarani. Dirishani watu wanasukumana kuwa wa mwisho. Mama Simone amepoteza sauti. Mimi nachapa, jasho linaingia katika herufi. Ngeleka ametoka kujifuta mara ya kumi na ameinua kalamu ajiandike tena chini.

Ndipo mama yangu akatokea. Magoti yale! Anabeba bidoni tupu ya njano, nyuma yake mama Mianda na yake.  Akamwambia Ngeleka afute jina letu la juu na kumwandika yeye chini kwanza, akaweka bidoni yake mwisho wa kundi. Akamwambia mama Mianda naye ajiandikishe upya, akaweka ya Mianda nyuma ya yake. Halafu akavua kitambaa cha kichwa, mbele ya mtaa mzima, kichwa cheupe pee, akakifunga kwenye shingo ya bidoni ya mama Mianda. Mafundo mawili.

 Hata mashemeji wa Tenke waliacha kusukumana, maana mkia unajulikana mpaka Tenke. Mtu mmoja aliyekuwa akikimbia kurudi dirishani alisimama kama aliyegonga ukuta. Akakitazama kitambaa, akarudi nyumbani kuchukua magodoro yake. Mwingine akamfuata. Kalamu ya Ngeleka bado iko hewani. Mama Simone akamwambia kwa ile sauti iliyobaki: "Ngeleka, mukia imefungwa." Akaishusha.

Nikabonyeza vitufe viwili vya kuiambia programu kwamba mstari umeisha. Sekunde moja. Haikufika hata sekunde! Majina yote, kutoka nyuma kwenda mbele, safi, yamenyooka. Mkaguzi hakuwa na neno. Nimebusu kioo. Wa 1: Mianda. Wa 2: Kabedi.

Wa pili!  Nikamvuta mama pembeni nikamwambia mkia ulikuwa wetu, amempa mtu mwingine mkia wetu! Akanijibu kwamba bomba lina pande mbili, au injenia hakuhesabu?

Sikuwa nimehesabu.

Na Ngeleka! Alikuwa ameshajifuta na hakuwahi kujiandika. Hayumo katika orodha kabisa!  Mama Simone akamhurumia, akaamuru arudishwe mahali pake pa kwanza kabisa, juu ya ukurasa, nambari 1. Yaani, baada ya kugeuza, wa mwisho wa wote. Nililazimika kuinama nijifanye nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Saa nane mchana mama yangu alisimama kwenye kiwanja chetu kipya, akanyoosha mkono, na mkono ukafika kwenye bomba bila yeye kutoa mguu. Akafungua. Maji yakatoka. Akafunga. Akafungua tena. Alikuwa anacheka na kulia, nami pia, sitaficha. Miaka ishirini na tisa amengoja mstari mmoja umfikishe mahali.

Jumapili, tarehe 9 Oktoba

Jambo moja la kushangaza. Watu 144 waliochagua baada yetu wote waliruka kiwanja kilicho nyuma ya chetu, ua kwa ua, hatua ishirini tu kutoka bombani. Walipendelea hata korongoni. Blandine anasema hakuna anayetaka kusikiliza maelezo yangu kuhusu kompyuta kila asubuhi akipiga mswaki. Mimi nasema ni wivu.

Kwa hiyo kilibaki hicho kimoja, na mtu mmoja. Jirani yangu ni Ngeleka. Ameshaomba rula yake.

Jumatatu, tarehe 24 Oktoba

Tumehamia kabisa. Kuta zimesimama, mabati yatafuata. Mama anakaa mlangoni karibu na bomba lake kama waziri, watu wanamsalimu kabla ya kuchota. Mama Mianda anakaanga mandazi upande wa pili. Leo kaniletea matatu, bado ananiangalia kama mgonjwa.

Nimekaa siku nne nikiitazama foleni ya bidoni, na nimegundua kasoro kubwa. Bidoni ikishajazwa inaondoka, kesho inaanza tena mwisho. Upotevu! Foleni inapaswa kuzunguka yenyewe, ikifika mwisho ianze mwanzo, daima, kila mtu na zamu yake milele, kwa programu. Rust ina mbinu hiyo, inaitwa `cycle`. Mama Simone amesema nisimweleze. Ngeleka, kutoka upande wa pili wa ua, amecheka mpaka akakohoa, basi najua wazo ni kubwa.

Mkaguzi ametoa kizuizi kidogo tu. Sharti la `cycle` ni sifa iitwayo `Clone`: mstari lazima uwe na nakala yake kamili pembeni, ili ukiisha uanze upya. Nani ana nakala ya bidoni? Nimecheka. Hayo ni ya Mkaguzi, mimi nimeshamzunguka mara mbili, nitamzunguka ya tatu.

Tatizo la kweli ni moja. Foleni inayozunguka haiwezi kuwa na mwisho, na jioni wamama wanaendelea na ujinga wao wa kale, wanaukata mstari wangu. Mama amelala mchana, magoti yamepona kidogo. Wengine wako sokoni. Naona kitambaa kutoka hapa nilipoketi, kimefungwa tangu jana kwenye bidoni ya mwisho, ambayo bado inangoja maji.

Naenda kukifungua.